Tylor, Boas, Malinowski au Radcliffe-Brown: umfuate nani ukichunguza mila za kwenu?

Kijana akiniletea pendekezo lake la utafiti kuhusu mila za kwao, sura ya pili huwa naijua kabla sijaifungua. Atawataja waasisi wa anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao: Tylor katika aya moja, Boas katika ya pili, Malinowski katika ya tatu, kisha ataandika kwamba utafiti wake "utaongozwa na nadharia ya uamilifu", yaani ile inayosema kila desturi ina kazi yake. Kuanzia hapo wazee hao hawaonekani tena. Ukimwuliza kwa nini amemchagua huyu na si yule, atakwambia ndivyo ilivyokuwa kwenye tasnifu aliyoisoma maktaba. Inaniuma, kwa sababu uchaguzi huo ndio unaoamua aamke aende wapi, aulize nini, jioni aandike nini, na baadaye atajuaje kama amekosea.

Nataka niwalinganishe kwa namna nyingine. Wote niwape jambo moja walichunguze, tuone kila mmoja angetufikisha wapi. Jambo lenyewe ni utani. Tanzania hakuna asiyeujua, na neno lenyewe limeingia katika maandishi ya wanaanthropolojia kwa Kiswahili chake hichohicho. Pacha wa utani, yaani ile haya ya mtu kwa mkwewe, ilikuwa imeshafika mezani kwa mabwana hawa tangu karne ya 19.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Ilikuwa msibani, upande wa Kisarawe. Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtani wa wafiwa, alijilaza chali kizingitini, akafumba macho, akasema marehemu haendi popote mpaka deni lake lilipwe. Alikuwa amevaa koti la marehemu, mikono imemfunika hadi vidoleni. Wafiwa waliokuwa wanalia tangu usiku wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Wakabishana bei, noti mbili za elfu kumi zikaletwa, mzee akainuka akijikung'uta mchanga, na jeneza likapita. Hakuna aliyekasirika. Aliyebeba mguu wa mbele wa jeneza hadi makaburini alikuwa mzee huyohuyo.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka kijijini na dodoso. Swali la saba liliuliza utani una kazi gani. Karibu kila mtu alinijibu sentensi moja: utani unadumisha umoja. Hakuna aliyetaja kizingiti, koti wala pesa.

Waliobaki mezani

Edward Tylor hakusoma chuo kikuu. Alizaliwa mwaka 1832 katika familia ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, huko Uingereza, akasafiri Mexico mwaka 1856 akiwa kijana, kisha karibu maisha yake yote yaliyobaki akafanya kazi kwa kusoma walichoandika wasafiri, maofisa na wamisionari. Mwaka 1871 alitoa ile maana ya utamaduni ambayo bado inanukuliwa: jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mengine yote ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Wanafunzi huinakili bila kuona uzito wake. Uzito uko katika "huyapata". Mtu hazaliwi na desturi damuni, anajifunza. Kwa wakati ule, watu walipokuwa wanapimana akili kwa rangi, hilo lilikuwa jambo zito.

Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa Rochester, jimbo la New York, alianza vizuri zaidi, kwa kuwa alikwenda kwa Wairoquois wenyewe, wenyeji wa asili wa jimbo hilo, akisaidiwa na Ely Parker, Mseneca, yaani mmoja wa Wairoquois hao, aliyeijua jamii yake na sheria za Wazungu pia. Baadaye akatuma fomu za majina ya ukoo kwa mabalozi wadogo na wamisionari sehemu nyingi za dunia: ndugu wa baba unamwitaje, mtoto wa dada wa mama unamwitaje. Mwaka 1877 akapanga wanadamu wote katika ngazi moja yenye hatua tatu kubwa, ustaarabu ukiwa juu. Naye James Frazer, msomi wa Uingereza, alianza kusambaza dodoso lake mwaka 1887. Majibu mengine yalitoka karibu na kwetu: mmisionari John Roscoe, aliyekaa Mengo, aliyafanyia kazi maswali ya Frazer kwa Waganda, na Apolo Kagwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, ndiye aliyemkutanisha na wazee wa kuulizwa. Kitabu cha Roscoe kilitoka mwaka 1911. Kagwa mwenyewe alikuwa ameshaandika kwa Kiganda historia na desturi za Buganda, lakini mezani kwa Frazer sauti ilifika kwa mkono wa mmisionari.

Sasa wape utani. Tylor alikuwa na dhana ya mabaki: desturi ambayo kazi yake imekwisha zamani, lakini inaendelea kwa mazoea, kama kovu la kidonda kilichopona. Angesema yule mzee wa kizingitini ni baki la enzi fulani, na angetafuta katika maandishi jamii iliyo "chini" ngazini ambako jambo hilo bado lina maana kamili. Hapo njia hii inaanguka mbele ya macho yetu. Simba na Yanga ni klabu za miaka ya 1930, na wiki ya mechi yao redio zote zinawaita watani wa jadi. Watu wa jana wamechukua utani wakautumia kwa jambo jipya kabisa. Kitu kinachozaa watoto wapya si kovu. Na kasoro ya ngazi ni kubwa kuliko hiyo: walioichora walijiweka wenyewe juu, kisha kila taarifa iliyofika ikatafutiwa nafasi katika hatua zilizokwisha kupangwa. Hakuna taarifa ambayo ingeweza kuivunja.

Hata hivyo usimtupe Tylor. Novemba 1888, London, alisoma mada ambayo kwangu ni ya kisayansi kuliko vitabu vyake vinene, nayo ilichapishwa mwaka uliofuata. Alikusanya habari za jamii zipatazo 350, akauliza: je, desturi ya mume kuwaepuka wakwe inaendana na mahali wanandoa wanapoishi? Jamii ambazo mume huhamia moja kwa moja kwa wakweze zilikuwa 65. Jamii ambazo mume huwaepuka ndugu wa mke zilikuwa 45. Kama mambo haya mawili hayahusiani, hesabu inasema yatakutana mahali kama 9 tu. Yalikutana mahali 14. Upande wa pili, mke anapohamia kwa mume, matarajio yalikuwa 18, yakapatikana 9. Maana yake mume aliyehamia ukweni ndiye hasa anayewaepuka wakwe. Ifanye hesabu hiyo mwenyewe kwenye karatasi: 65 mara 45, gawanya kwa 350; utapata 8 na kidogo, yeye akaandika 9. Mtu alisema kabla kwamba namba fulani ikitoka hivi nina hoja, ikitoka vile sina. Kati ya wote nitakaowataja humu, ni wachache waliojiweka wazi namna hiyo.

Francis Galton, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akauliza swali lililobaki mpaka leo: je, jamii hizi 350 ni mashahidi 350? Huenda baadhi zilipata desturi kutoka chanzo kimoja, na Tylor anahesabu nakala kana kwamba ni nyaraka tofauti. Kwetu swali hili lina uhai. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, na Wasukuma wana utani na Wazaramo. Huo ni ushahidi mara mbili au mara moja? Majina yenyewe yanatia shaka: "Sukuma" ni kaskazini, na mipaka kati ya Msukuma na Mnyamwezi ilikazwa sana na utawala wa kikoloni uliotaka kila mtu awe na kabila la kuandikwa daftarini. Ukichagua njia ya kuhesabu, jibu hili kwanza. Usipolijibu, meza yako ya namba haina msingi.

Boas na masikio ya msikilizaji

Franz Boas alizaliwa Minden, Ujerumani, mwaka 1858, akapata udaktari wa fizikia Kiel mwaka 1881 kwa kazi iliyohusu rangi ya maji. Tangu hapo alikuwa anauliza kile kinachoonekana ni cha kitu chenyewe au ni cha jicho linalotazama. Mwaka 1883 alikwenda kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, akakaa na Wainuiti majira ya baridi, na swali hilo likahamia kwa watu.

Kipande chake ninachokipenda ni cha mwaka 1889, kifupi sana. Wataalamu walikuwa wanadai kwamba lugha za Wahindi Wekundu zina sauti zisizotulia: neno moja linatamkwa leo hivi, kesho vile, na hiyo ikawa dalili ya lugha isiyokomaa. Boas akarudi kwenye madaftari yake mwenyewe, akaona neno lilelile ameliandika kwa namna mbalimbali. Sauti ilikuwa moja, tena isiyokuwamo katika lugha alizozoea, na sikio lake lilikuwa linaikamata mara kwa herufi hii, mara kwa ile. Mfano wetu tunao kila siku. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l husikia "kula" na "kura" kama neno moja, na wala si kwa uzembe. Mgeni akija anaandika ng'ombe na ngoma kwa mwanzo uleule. Kosa liko kwa msikilizaji, naye analiandika kama sifa ya anayesikilizwa.

Mwaka 1896 alilipeleka somo hilo kwenye ngazi za akina Tylor. Walikuwa wanasema desturi mbili zikifanana basi zimetoka sababu moja. Boas akauliza nani amethibitisha. Barakoa huvaliwa mahali fulani ili pepo asimtambue mvaaji, mahali pengine ili kumkumbuka ndugu aliyekufa. Ukiziweka pamoja kwa kuwa zote ni barakoa, umelinganisha sura. Mwaka 1887 alikuwa ameshagombana na Otis Mason, msimamizi wa makumbusho Marekani, kuhusu kupanga vitu kwa hoja hiyohiyo: ngoma usiipange kabatini na ngoma za dunia nzima, iweke na vitu vya watu wanaoipiga, la sivyo hutajua ni ya harusi au ya tiba.

Akipewa utani, Boas hataki kusikia "utani wa Waafrika". Atauliza utani upi, wa nani na nani, tangu lini. Utani wa Wanyamwezi na watu wa mrima, yaani wa pwani, mara nyingi huelezwa kwa misafara ya karne ya 19, wapagazi waliposhuka kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo wakihitaji mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kuwazika wakifa ugenini. Utani wa Wangoni na Wahehe huelezwa kwa vita walivyopigana miaka ya 1878 hadi 1882. Utani wa babu na mjukuu hauhitaji msafara wala vita. Jina ni moja, na huenda sababu ni tatu. Kwa mtafiti wa Tanzania onyo hili ndilo la kwanza, kwa maana sisi tuna neno moja zuri sana linalotufanya tuamini kwamba tuna kitu kimoja.

Njia hii inakudai lugha na miaka. Boas alimfundisha George Hunt, aliyekulia Fort Rupert, pwani ya magharibi ya Kanada, katika jamii ya Wakwakiutl, kuandika lugha yao, na Hunt akamletea kurasa kwa maelfu. Kwetu kuna kitu cha jamaa hiyo: mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha Göttingen desturi za Waswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, sehemu kubwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Maandishi ya namna hiyo hayachakai. Nadharia ya mkusanyaji ikifa, maneno ya mwenye desturi yanabaki, na mtu mwingine anaweza kuyasoma upya.

Hilo la kusomwa upya Boas alilichukulia kwa uzito kuliko wenzake wote. Kati ya mwaka 1908 na 1910 yeye na wasaidizi wake walipima wahamiaji na watoto wao New York, watu karibu 18,000. Umbo la kichwa lilihesabika kuwa alama ya kudumu ya kila asili ya watu. Akaripoti kwamba watoto waliozaliwa Marekani wanatofautiana na ndugu zao waliozaliwa Ulaya, na kwamba tofauti inakua kadiri mama alivyokaa Marekani muda mrefu. Mwaka 1928 akachapisha vipimo vyenyewe, mtu mmoja mmoja. Mwaka 2002 na 2003, miaka zaidi ya 70 baadaye, makundi mawili ya watafiti yaliviingiza kwenye kompyuta yakabishana vikali jinsi ya kuvisoma. Waliweza kubishana kwa sababu mzee aliwaachia kila kitu. Leo ukiomba data ya tasnifu ya miaka mitano iliyopita, mara nyingi unaambiwa laptop iliharibika.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni ya kikazi: anakusanya, anakusanya, na jibu haliji. Ukiwa na miezi mitatu na msimamizi anayekupigia simu, utabaki na magunia ya maandishi yasiyosema kitu. Ya pili ni nzito na lazima isemwe. Mwaka 1897 Robert Peary, mpelelezi wa nchi za barafu, aliwaleta Wainuiti sita wa Greenland kwenye makumbusho ya New York alikokuwa akifanya kazi Boas. Wanne wakafa katika miezi michache. Mmoja wao, Qisuk, alifanyiwa maziko ya uongo ili mwanawe mdogo, Minik, aamini baba amezikwa, kumbe mifupa imebaki ya makumbusho. Boas alihusika. Mifupa ilirudishwa Greenland kuzikwa mwaka 1993. Namwambia kila kijana anayekwenda msibani na kinasa sauti: mtu mwenye nadharia bora ya kuheshimu desturi za wengine alilifanya hilo.

Hema la Malinowski

Bronisław Malinowski alipata udaktari Kraków mwaka 1908 katika falsafa ya sayansi, akahamia London, na vita vya 1914 vikamkuta Australia akiwa raia wa Austria, yaani upande wa adui. Akaruhusiwa kuendelea na kazi Papua, na kati ya mwaka 1915 na 1918 alikaa visiwa vya Trobriand huko Papua vipindi viwili virefu. Alipiga hema katikati ya kijiji cha Omarakana, akajifunza lugha, akaacha wakalimani.

Kitabu chake cha mwaka 1922 kina utangulizi ambao ningetamani kila mtu ausome kabla ya kuandika dodoso. Anasema kazi ni tatu. Andika kanuni na takwimu: nani anamiliki shamba lipi, nani amemlipa nani kiasi gani. Andika yale madogo ya kila siku yasiyotajwa katika mahojiano: sauti ya mtu anapoomba chumvi, nani anakaa karibu na nani. Andika maneno yao kwa lugha yao: hadithi, nyimbo, misemo. Kisha akaonyesha kwa Kula, ambalo huko si kula chakula bali jina la mzunguko wa zawadi visiwani: mikufu myekundu inazunguka upande wa mishale ya saa, bangili nyeupe zinazunguka upande wa pili. Bangili hizo huitwa mwali, neno lisilohusiana hata kidogo na mwali wetu wa unyagoni, ingawa msomaji wa Kiswahili hushtuka akilikuta. Hakuna mtu mmoja kisiwani aliyeweza kumweleza mzunguko mzima. Ilibidi aukusanye kwa kutazama.

Ndiyo maana kwangu huyu anashinda pale dodoso langu liliposhindwa. Lile jibu la umoja lilikuwa kanuni ambayo watu wamezoea kuitoa kwa wageni, wengine wameisoma shuleni. Koti, kizingiti na kubishana bei ni yale madogo ya kila siku. Usipokuwepo, huyapati.

Lakini njia ya kukusanya ni kitu kimoja na nadharia aliyoiambatisha ni kingine, na wanafunzi wetu huzichanganya. Nadharia inasema kila desturi ina kazi inayotimiza hitaji la watu. Utani msibani unapunguza uchungu. Sawa. Je, kama watani wangekaa kimya, tungesema nini? Tungesema ukimya unatunza heshima ya msiba. Desturi yoyote ikiwepo, kazi itapatikana. Linganisha na meza ya Tylor iliyokuwa inaweza kushindwa. Kwa hapa Malinowski wa hemani anashindwa na Tylor wa mezani.

Kuna mtu wa kwetu aliyeitumia nadharia hii kwa nguvu zake zote mbili, ya kujenga na ya kufunika. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski London, na mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya Wagikuyu, dibaji ikiandikwa na mwalimu wake. Akaonyesha ardhi, ukoo, ibada na utawala kama kitu kimoja kilichofumwa, ili msomaji wa Uingereza aone kwamba ukimnyang'anya Mgikuyu shamba umempasua nguo nzima. Hoja hiyo ilikuwa silaha. Lakini kwa mfumo huohuo wa fikra alitetea ukeketaji, kwa kuwa nao umefumwa humo. Ukianza kwa kuamini kwamba kila kilichopo kina kazi, ni vigumu sana kumsikia anayeumizwa nacho. Na Malinowski mwenyewe, shajara zake zilipochapishwa mwaka 1967, zilionyesha hasira na dharau kwa watu aliokuwa akiishi nao. Kukaa karibu peke yake hakumfanyi mtu aone vizuri.

Radcliffe-Brown, kwa ufupi

Nampitia haraka, ingawa ndiye aliyeandika juu ya utani moja kwa moja. A. R. Radcliffe-Brown alitaka sayansi ya jamii iliyo kama sayansi ya maumbile, inayotafuta kanuni. Mwaka 1940 alitoa makala kuhusu mahusiano ya utani, na katika miaka hiyohiyo Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika, ikawa sehemu ya mjadala huo. Hoja ya Radcliffe-Brown ni hii: ukiwa na watu waliounganishwa na jambo, lakini maslahi yao yanaweza kugongana, kuna njia mbili za kuzuia ugomvi. Wakae mbali kwa heshima kubwa, au waruhusiwe kutukanana bila mtu kukasirika. Anasimulia alivyomwuliza mzawa mmoja wa Australia kwa nini anamwepuka mama mkwe, akajibiwa kwamba huyo ni rafiki yake mkubwa duniani, maana ndiye aliyempa mke.

Haya ya mkwe na utani wa shemeji zinakuwa majibu mawili ya swali moja. Ni wazo zuri, na tofauti na la Malinowski linaweza kupimwa: tafuta watu waliounganishwa bila mgongano wowote wa maslahi, ukikuta utani mkali kati yao, wazo limepata shida. Udhaifu wake ni kwamba halina lini. Linaeleza kwa nini Mnyamwezi na Mzaramo wataniane, halielezi kwa nini hao na si Mnyamwezi na Mmakonde. Hapo unarudi kwa Boas na njia ya misafara.

Umchague nani sasa

Ukiwa na wiki mbili na maktaba tu, fanya kama Tylor wa mwaka 1888 na umwache wa mwaka 1871. Chagua mambo mawili unayodhani yanaendana, andika kabla ni namba gani itakukana, kusanya jamii kutoka maandishi, na jibu swali la Galton kwenye ukurasa wa kwanza. Hiyo ni kazi halali na haina gharama.

Ukiwa na miezi mitatu hadi sita kijijini, chukua kazi tatu za Malinowski kama zilivyo, uziandike ndani ya jalada la daftari, na uiache nadharia yake ya uamilifu kwa muda. Ukihitaji swali la kukuongoza, lile la Radcliffe-Brown linafaa zaidi kwa mambo ya ukoo na ndoa, kwa sababu linakwambia utazame wapi na nini kingekukosoa. Kwa mambo ya makabila na miji, yaani yenye historia ndani yake, halitoshi.

Ukiwa umezaliwa hapohapo unapochunguza, na wengi wetu ndivyo tulivyo, mweke Boas mbele ya wote. Watu hudhani onyo la masikio ni la mgeni. La mwenyeji ni kali zaidi. Mgeni huandika vibaya asichokijua, lakini mwenyeji haandiki kabisa anachokijua mno. Na chapisha data yako. Kama ni ya watu wanaoweza kudhurika, ficha majina, lakini iache mahali mtu mwingine anaweza kuisoma.

Nami nililipata hili kwa yule mzee wa koti. Mwezi mmoja baada ya msiba nilimrudia na daftari, nikamsomea nilivyoandika, ukurasa mzima. Alisikiliza hadi mwisho, akanirudisha kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika: "Mtoto analeta pesa kutoka kwa wafiwa." Akauliza, "Wafiwa gani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Akaniambia pesa zilitoka kwa mume wa binti mkubwa wa marehemu, aliyesimama mbali kule kwenye mwembe tangu asubuhi. Asingeweza kusogea mlangoni kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa ndani ya mlango huohuo, ndipo akamtuma mtoto. Aliyelipa mtani alikuwa mkwe anayejificha. Yaani utani na haya ya mkwe vilikutana katika noti zilezile mbili, mbele ya macho yangu. Na mimi yule kijana wa kwenye mwembe nilimwona vizuri, nikajua kabisa kwa nini amesimama kule, nikaona si jambo la kuandika.